Alichofaulu mbele ya Leta kihesabiwe chuo kikuu

Mbele yangu mezani kuna madaftari mawili. La kwanza ni la karatasi za miraba. Jalada lilichanika, mwenyewe akalishona kwa uzi mweusi. Ni la mwanafunzi wangu aliyemaliza masomo ya umeme katika shule ya ufundi ninakofundisha hapa Likasi, nchini Kongo. La pili si daftari hasa bali silabusi, ile fotokopi ambayo wanafunzi wa chuo hununua kwa kila somo. Aliinunua mwaka uliofuata, alipoingia mwaka wa kwanza. Kwenye daftari amechora mota ya fezi tatu inayowashwa kwa nyota kisha ikahamia pembetatu. Kwenye silabusi, ukurasa wa 31, ipo mota ileile, na kontakta zilezile tatu, na mishale ileile. Tofauti ninayoiona ni moja tu: mchoro wa daftari unasomeka vizuri zaidi, kwa sababu ule wa silabusi umepitishwa kwenye mashine mara nyingi hata mistari imefifia.

Kijana huyo aliulipia mchoro huo mara mbili. Mama yake anauza makala, ndivyo tunavyoyaita makaa huku kwetu, katika soko la Kikula. Ada ya mwaka wa kwanza aliilipa kwa awamu tatu, na ile ya tatu aliikopa. Mimi ndiye niliyemsukuma mtoto aende chuo. Kwa hiyo mama alipokuja kwangu na silabusi mkononi akaniuliza, "Mwalimu, hiki si kile ulichomfundisha wewe?", nilitafuta jibu nikalikosa. Ninaandika kwa sababu ya swali lake.

Niseme kwanza mtoto huyo alijua nini. Katika shule za ufundi, mtihani wa Leta, yaani mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, hauishii kwenye karatasi zile za siku nne zenye maswali ya kuchagua jibu. Kabla ya siku hizo kuna sehemu inayofanywa mapema: insha, Kifaransa cha kuzungumza, na kwa sisi wa ufundi, kazi ya mikono mbele ya juri. Siku ya kazi yake ilikuwa asubuhi ya mwezi wa tano, wakati baridi ya Likasi inaanza kuingia vidoleni. Alipewa ubao, kontakta tatu, kifaa cha kuhesabu sekunde, ulinzi wa mota, nyaya na bisibisi. Alifanya kazi kimya kwa muda usiopungua saa moja na nusu. Mota ilipowaka ilianza taratibu kwa nyota, sekunde chache zikapita, tukasikia kontakta zikibadilishana, ikashika kasi.

Ndani ya juri alikuwamo injinia mmoja wa kiwandani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Akamuuliza kwa nini asiiwashe kwa pembetatu moja kwa moja. Kijana akajibu kwamba katika nyota kila koili inapata volti 220 badala ya 380, na mkondo unaovutwa wakati wa kuanza unashuka hadi theluthi moja; ukianza kwa pembetatu unaweza kuangusha ulinzi wa laini nzima. Mzee akatikisa kichwa. Kisha akamwambia ageuke aangalie ukuta. Akalegeza waya mmoja, akamwambia, "Haya mwana, sasa haiwaki. Tafuta." Kijana hakukimbilia kukaza nyaya ovyo. Alichukua kipimo, akaanza kwenye chanzo, akashuka hatua kwa hatua, na kabla dakika tano hazijaisha alikuwa ameweka kidole kwenye mguu wa kile kifaa cha sekunde. Nimefundisha miaka mingi, na ile furaha ya siku hiyo bado ninayo.

Alitoka na asilimia 71. Nyumbani kwao walimmwagia poda kichwani hadi mabegani, kama desturi ya nchi hii yote matokeo yanapotoka, naye akatembea Kikula mzima akiwa mweupe, watoto wakimfuata nyuma.

Miezi michache baadaye aliketi katika ukumbi wa chuo kimoja cha mkoa wetu ambacho sitakitaja, pamoja na wenzake zaidi ya mia tatu, akifundishwa sheria ya Ohm. Wiki ya kwanza, sheria ya Ohm. Wiki ya tatu, vizuizi vilivyopangwa kwa mfululizo na vilivyopangwa sambamba. Ile mota ya fezi tatu walifika kwake mwishoni mwa mwaka, na ilichorwa kwa chaki, kwa sababu ukumbini hapakuwa na mota. Aliketi kando ya vijana waliotoka masomo ya ualimu na ya Kilatini, ambao kwao hayo yote yalikuwa mapya na walistahili kufundishwa taratibu. Simlaumu profesa. Angefanya nini na watu mia tatu waliotoka njia mia tatu? Lakini kwa kijana wangu mwaka ule ulikuwa wa kungoja. Akazoea kutokwenda. Mwaka wa pili, pale mapya yalipoanza kweli, tayari alikuwa amepoteza tabia ya kusoma, na mama alikuwa amemaliza pesa. Akaacha.

Ninachoomba ni hiki. Mwanafunzi aliyepata alama za juu katika somo fulani la mtihani wa Leta, na somo hilohilo lipo katika mwaka wa kwanza wa chuo anachoingia, apewe krediti za somo hilo. Asilirudie. Aendelee na linalofuata.

Neno krediti limeingia vinywani mwetu hivi karibuni tu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yote iliingizwa katika mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na daktari. Zamani mtu alisoma gradua miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili. Sasa lisansi ni miaka mitatu, yenye krediti 180, na masta ni miaka miwili, yenye krediti 120. Mwaka mmoja ni krediti 60, nusu yake kila semesta. Krediti ni kipimo cha kazi: saa ulizokaa darasani pamoja na saa ulizofanya kazi peke yako. Na msingi mkuu wa mfumo huu, ule ambao maprofesa wenyewe wanauhubiri kwa wanafunzi, ni kwamba krediti ukishaipata haipotei. Ukihama chuo unakwenda nayo. Ukirudia mwaka, masomo uliyoyapata huyarudii.

Basi naomba wenye mfumo waupeleke hadi mwisho. Kama elimu iliyothibitishwa katika mwaka wa kwanza haiozi, kwa nini ile iliyothibitishwa mwezi wa tano mbele ya juri ya Leta, na injinia akaweka sahihi yake, iwe imeoza mwezi wa kumi? Leta ndiyo iliyotunga mtihani, Leta ndiyo iliyosahihisha, Leta ndiyo iliyotoa diploma. Chuo nacho ni cha Leta. Mkono mmoja unatoa cheti, mwingine unakipokea na kukiweka droo.

Sababu yake naijua kiasi. Sekondari ina wizara yake, na elimu ya juu ina wizara yake. Mtoto akivuka kutoka moja kwenda nyingine ni kama amefika mpaka wa Kasumbalesa: anashushwa mzigo wote, na hakuna anayesoma karatasi alizotoka nazo. Sheria ya elimu ya mwaka 2014, ile iliyotupa miaka minane ya elimu ya msingi na minne ya sekondari inayofuata, iliandikwa kwa ajili ya elimu yote, kuanzia chekechea hadi chuo kikuu. Sheria ni moja. Nyumba ndizo mbili.

Mtihani wetu si kitu cha jana. Unafanyika tangu mwaka 1967. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Shituru, kule kiwandani ambako shaba imekuwa ikitolewa kwa umeme tangu 1929, na nakumbuka nyumbani kwetu Panda redio ikizungukwa na watu siku za matokeo, majina yakisomwa shule kwa shule, wengine wakitoka nje kwa kushindwa kuvumilia. Siku hizi mtoto anatuma namba yake ya mtihani kwa simu na jibu linarudi. Kilichobaki vilevile ni kwamba jibu ni namba moja. "Umepata ngapi?" "Nimepata 58." "Nimepata 63." Jasho la miaka yote linakunjwa ndani ya tarakimu mbili.

Namba hiyo moja ndiyo kikwazo cha kwanza cha ninachokiomba, na hapa nataka msomaji asimame nami kidogo. Mtoto mwenye 63 anaweza kuwa na alama za juu sana katika masomo ya ufundi na akawa ameangushwa na Kiingereza. Mwingine mwenye 63 hiyohiyo alibebwa na lugha, na umeme haujui vizuri. Chuo kikitazama 63 hakiwezi kuwatofautisha, na kwa hiyo kina haki ya kutompa yeyote krediti yoyote. Lakini alama za kila somo zipo. Haziwezi kukosa kuwapo, kwa sababu karatasi zilisahihishwa somo kwa somo kabla ya kujumlishwa. Zitolewe pamoja na diploma, kwenye karatasi yenye mhuri, kwa kila mtoto na bila kuombwa. Karatasi hiyo moja ingebadilisha mambo mengi kuliko semina nyingi ninazozisikia.

Mfano niliouona katika ukoo wangu unaniuma na kunifariji kwa pamoja. Mtoto wa dada yangu alisoma hapa Likasi hadi mwaka wa pili wa sekondari ya juu, kisha wazazi wakahamia Marekani, mjini Portland katika jimbo la Maine, ambako Wakongomani si wachache. Akaingia shule ya huko huku Kiingereza kikimsumbua. Mwalimu wake akamwambia kuna mitihani inayoitwa Advanced Placement, inayofanywa kila mwezi wa tano na wanafunzi wa sekondari, na mmojawapo ni wa Kifaransa. Akaufanya. Alama zake ni kuanzia 1 hadi 5, naye akapata 5. Alipoingia chuo kikuu cha umma huko, alikuta tayari ana krediti za Kifaransa kwenye jina lake kabla hajakaa kwenye kiti. Kifaransa kilekile alichofundishwa hapa, katika darasa lenye madirisha yasiyo na vioo, kilimpunguzia gharama ng'ambo ya bahari, kwa sababu kule wanafunzi wengi hulipa kwa kuhesabu krediti.

Mitihani hiyo Wamarekani wanayo tangu miaka ya 1950. Haijakamilika hata kidogo. Vyuo vingine vinakubali 3, vingine vinataka 4 au 5, vingine havitoi krediti kabisa, na shule za matajiri zina masomo mengi zaidi ya hayo kuliko shule za maskini. Sisemi tuige. Nasema wameamini jambo ambalo sisi hatujathubutu kuliamini: kwamba mtoto wa miaka kumi na saba anaweza kuwa amekwisha kujua jambo la chuo kikuu, na kwamba inafaa kumuuliza.

Karibu nasi zaidi kuna Kenya. Walipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, waliondoa kidato cha tano na cha sita, na vyuo vikuu vyao vikalazimika kuongeza mwaka, digrii nyingi zikatoka miaka mitatu hadi minne. Ninapolifikiri hilo naona uaminifu fulani ndani yake. Walikiri kwamba kilichofundishwa sekondari kina uzito unaopimwa kwa mwaka wa chuo: ukikiondoa huku, lazima ukiongeze kule. Sisi tumefanya kinyume chake. Baadhi ya vitivo vimeweka mwaka wa maandalizi kabla ya ule wa kwanza, wanafunzi wanauita L0. Kwa mtoto aliyesoma ualimu na sasa anataka uinjinia, mwaka huo ni msaada mkubwa na ningemshauri aufurahie. Kwa aliyesoma hisabati na fizikia akazifaulu vizuri, ni mwaka wa maisha yake. Wote wawili wanaingizwa mlango uleule.

Na si umeme peke yake. Binti yangu alisoma biashara. Tangu nchi yetu iingie OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, watoto wa sekondari ya biashara wanafundishwa hesabu za kampuni kwa mpango uleule wa akaunti unaotumika katika nchi zote za jumuiya hiyo: daraja la 4 ni la wanaotudai na tunaowadai, la 5 ni la benki na sanduku, la 6 matumizi, la 7 mapato. Binti yangu alikuwa akiandika jurnali ya duka la jirani yetu kila Jumamosi, na jirani alimlipa. Mwaka wa kwanza wa uongozi wa biashara alifundishwa debiti na krediti za akaunti tangu mwanzo, na katika mtihani wa somo hilo alipata alama ambazo hazikumshangaza mtu nyumbani. Wanaosoma ualimu wakaingia vyuo vya ualimu, wanaosoma kemia ya viwanda, hadithi ni hiyohiyo.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimekwisha kujibiwa. Rafiki yangu mmoja anayefundisha chuoni alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama ninaweza kuapa kwamba mtihani wa Leta hauibiwi.

Siwezi. Nimesimamia vituo vingi, na katika kimoja nilishuhudia majibu yakiingia kwa simu kabla jua halijapanda, na watu wazima wakiwa wanajua. Nilirudi nyumbani siku hiyo bila hamu ya kula. Pia ni kweli kwamba swali la kuchagua jibu linaweza kubahatishwa. Hoja ya rafiki yangu ni nzito na sitaki kuizunguka. Lakini tazameni inakoelekea. Kama mtihani hauaminiki kiasi cha kumwondolea mtoto somo moja la mwaka wa kwanza, unaaminikaje kumfungulia lango zima la chuo kikuu? Tunaukubali pale unapotuletea wanafunzi na ada zao. Tunaukataa pale unapowapa haki.

Dawa ya wizi ipo na haina gharama kubwa. Alama za juu za somo zimpe mtoto haki ya kuomba, na chuo chenyewe kimthibitishe. Katika wiki mbili za kwanza, profesa mwenye somo atunge mtihani mmoja wa kuandika, wa saa tatu, bila majibu ya kuchagua. Kwa watoto wa ufundi iongezwe kazi ya mikono: ubao, nyaya, kipimo, na kosa moja lililofichwa. Anayefaulu apewe krediti za somo hilo na alama yake iandikwe. Anayeshindwa aketi darasani na wenzake, na hakuna alichopoteza. Mwizi wa majibu hatapita hapo. Simu haitamwonyesha waya uliolegea uko wapi.

Profesa mwingine aliogopa saa zake za kufundisha kupungua. Nilimwelewa, kwa sababu mshahara wa mwalimu wa nchi hii naujua kwa tumbo langu. Hata hivyo, ukumbi wa watu mia tatu ukipungua ukawa wa mia mbili na hamsini, saa zake zinabaki zilezile, na waliobaki ni wale wanaomhitaji kweli.

Kiasi chake kisiwe kikubwa. Ningeweka mpaka wa krediti 15 kati ya 60 za mwaka wa kwanza. Sitaki mtoto aruke mwaka mzima, kwa sababu chuo kina mambo yake ambayo shule ya sekondari haiyafundishi: kutafuta kitabu mwenyewe, kubishana kwa hoja, kuandika kurasa ishirini zinazoshikana. Krediti 15 ni nusu ya semesta. Katika nusu hiyo mtoto anaweza kuchukua somo la mbele, au Kiingereza ambacho migodi yote ya Katanga inakidai sasa, au kufanya kazi. Watu wa Kinshasa wanaotunga mipango wakumbuke kwamba mwanafunzi wa Likasi mwenye michana miwili huru kwa wiki anaweza kusuka mota mbili zilizoungua na kulipia chakula cha mwezi.

Hapo nagusa pesa, na ni lazima niiguse. Kwetu ada inalipwa kwa mwaka, haihesabiwi kwa krediti. Kwa hiyo mtoto aliyeondolewa masomo manne angelipa sawa na aliyeyasoma yote. Kama Wizara haiko tayari kukata ada, angalau isimlazimishe kununua silabusi za masomo ambayo hayasomi. Najua hili linaonekana dogo. Muulizeni mama wa Kikula silabusi kumi ni magunia mangapi ya makala.

Kuna jambo lingine linalonisukuma kutongoja. Mwezi wa tisa mwaka 2019 Serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, na madarasa ya kwanza ya hapa Likasi yalijaa hadi watoto wakakaa chini. Nilikuwa na mjukuu kati yao. Watoto wale, wakienda bila kurudia, watakaa kwenye mtihani wa Leta mwaka 2031. Vyuo vyetu havina kumbi za kuwapokea, na sidhani kama zitakuwa zimejengwa kufikia hapo. Kila kiti kinachokaliwa na mtu anayefundishwa anachokijua ni kiti ambacho mmoja wa watoto hao atakikosa. Miaka iliyobaki ni michache kwa kazi ya wizara mbili, lakini inatosha kwa chuo kimoja kujaribu na somo moja.

Ndiyo maana sianzii Kinshasa. Hapa Likasi tuna chuo kikuu, na tuna chuo cha juu cha ualimu na ufundi. Wanafunzi ambao vyuo hivyo vinawapokea wanatoka kwetu, katika shule ambazo maprofesa wao wanaweza kuzifikia kwa miguu. Waje waone juri zetu mwezi wa tano. Wakae kando ya yule mzee mwenye miwani ya kamba, walegeze waya wao wenyewe. Baada ya hapo watuambie ni mtoto gani wanayeweza kumwamini na yupi hapana. Mwalimu wa sekondari hataudhika kukaguliwa; mimi nimengoja kukaguliwa hivyo miaka yote.

Kijana mwenye madaftari haya anasuka mota chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya mama yake. Watu wa mashine za kusaga wanamjua, na wachimbaji wanamletea pampu za maji zilizoungua. Nilipokwenda kumwomba madaftari alinipa bila kuuliza ya nini, akafuta mkono wenye vanishi kwenye suruali kwanza ili asichafue jalada. Nilimwambia kuna mkuu wa idara mmoja aliyekubali kunipokea Jumatano. Akanyamaza, akarudi kwenye koili yake, akahesabu mizunguko kadhaa. Kisha akaniuliza kama ikikubaliwa itawahusu na walioacha.

Sikujua la kumjibu. Swali lake nimeliandika kwa penseli ndani ya jalada la daftari, chini ya ule uzi mweusi, na Jumatano nitalisoma kabla ya mengine yote.